Fomu Yangu Inasema Ana Shida, ya Mwalimu Inasema Hana. Niijaze Upya?

BARUA

Kwako mshauri,

Salamu kutoka Umoja, Nairobi. Nina mtoto wa kiume wa miaka 6 na miezi 4. Yuko Gredi ya Kwanza katika shule ya kibinafsi hapa mtaani, darasa la watoto 52 chini ya mabati yasiyo na dari.

Tangu mdogo hapatani na kelele. Kisiagi cha chini ya ploti yetu kikiwashwa, anaziba masikio na kuingia mvunguni mwa kitanda. Soksi lazima nizigeuze nje ndani ili mshono usimguse vidole. Ugali anakula, wali anakula, lakini mrenda ukiwekwa tu karibu na sahani yake anaanza kutapika. Kwa kinyozi ndiko balaa: tunamshika watu wawili na bado hurudi na kichwa kilichonyolewa nusu. Lakini huyo huyo atajirusha kutoka kwenye kochi mara thelathini bila kuchoka, na akianguka halii.

Muhula uliopita alitoroka paredi, bawabu akamkuta amejikunyata nyuma ya tangi la maji. Wiki mbili baadaye akamng'ata mwenzake kwenye foleni ya uji. Mwalimu mkuu akasema nilete ripoti ya hospitali, la sivyo nimtafutie shule ya watoto wenye mahitaji maalum.

Nikaenda kliniki. Mtaalamu wa tiba kazi (anayesaidia watu kumudu shughuli za kila siku) akanipa hojaji iitwayo Sensory Profile 2, ya jinsi mtoto anavyoitikia sauti, mguso na hisi nyingine, maswali 86, yote kwa Kiingereza. Niliijazia kwenye benchi mtoto akinivuta mkono. Mimi hutoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri na kurudi saa mbili usiku. Anayeshinda naye ni dada wa kazi. Maswali mengine nilimpigia simu nikamtafsiria. Mengine nilibahatisha. Na nikuambie ukweli: kila nilipokuwa kati ya "nusu ya mara" na "mara nyingi" niliweka mara nyingi, maana nilitaka watuamini.

Ripoti ikasema upande wa kukwepa misisimko yuko "zaidi sana kuliko wengine", wepesi wa kuhisi "zaidi kuliko wengine", na kutafuta misisimko "kama walio wengi". Mwalimu wa darasa naye akajaza fomu ya shule yenye maswali 44, na karibu kila kitu kikatoka "kama walio wengi".

Sasa mtaalamu anataka nijaze upya, kisha mtoto afanyiwe vipimo virefu vya ana kwa ana viitwavyo EASI (Evaluation in Ayres Sensory Integration). Gharama yake inakaribia nusu ya mshahara wangu. Mume wangu anasema fomu ya wazungu haiwezi kumjua mtoto wa Umoja, na kama ni lazima nijaze tena basi niteremshe majibu ili mwalimu mkuu akose sababu. Shosho yake anasema ni kudekezwa, apewe mrenda mpaka azoee. Nikiteremsha, naogopa atakosa msaada. Nikiacha ilivyo, naogopa atafukuzwa. Na usiku swali lingine hunijia: je, ni usonji (autism)?

Mama wa Umoja

JIBU

Mama, pokea salamu, na pole. Asante pia kwa kusema ulivyoijaza ile fomu. Wazazi wengi huijaza hivyo hivyo, ila hawasemi, na mtaalamu anabaki akisoma alama kana kwamba zimetoka kwenye mizani ya sokoni.

Ninavyokuelewa, una maswali matatu yaliyofungwa kitita kimoja. Kwanza, ni nini hasa kinachomsumbua mtoto? Pili, shule ipewe karatasi gani? Tatu, nusu ya mshahara iende wapi? Hojaji ile ilitengenezwa isaidie lile la kwanza, tena kwa sehemu tu. Mmeibebesha yote matatu.

Hebu tuiangalie kwa karibu. Ni kazi ya Winnie Dunn, mtaalamu wa tiba kazi wa Marekani. Toleo la kwanza lilitoka 1999 na hili la pili 2014. Haimpimi mtoto mwenyewe. Inauliza mtu mzima ameona jambo fulani mara ngapi, na kila neno la jibu lina kiasi chake: "karibu kila mara" ni 90% ya nafasi au zaidi, "mara nyingi" ni 75%, kisha 50%, 25%, na "nadra sana" ni 10% au chini. Ulipomtafsiria dada kwa simu, ile ngazi ya 75% huenda ilimfikia kama "mara kwa mara", na kwetu sisi mara kwa mara yaweza kuwa kila siku au mara mbili kwa wiki. Hapo tayari kipimo kimelegea.

Upande wa kukwepa una maswali 20, kila moja likiwa na alama 5 za juu kabisa. Ukipandisha majibu 12 kwa hatua moja moja, umeongeza alama 12, na hizo zinakaribia upana wa bendi nzima, yaani kundi kama lile la "zaidi kuliko wengine". Kwa hiyo tofauti kati ya "zaidi" na "zaidi sana" inaweza kuwa mtoto wako, au inaweza kuwa lile benchi la kliniki. Halafu kuna sifuri. Jambo lisilomhusu mtoto hupewa 0, na sifuri hiyo inaingia kwenye jumla. Mtoto asiye na bembea wala uwanja wa kuchezea anaweza kuonekana hatafuti mwendo, kumbe nafasi ya kuutafuta hana. Kochi lenu lina ushahidi mwingine, na anayeliona likirukiwa mchana ni dada.

Bendi nazo zina hesabu yake. Kati ya watoto 100 waliotumiwa kuweka viwango vya kipimo, 68 hivi huangukia "kama walio wengi" kwa alama yoyote moja, 14 hivi "zaidi", na 2 hivi "zaidi sana". Chukua darasa la watoto 52 wanaofanana na hao: wanane hivi watatoka juu ya mstari kwa alama hiyo, bila shule kuwa na dharura yoyote. Na ripoti kamili huwa na alama 13: nne za mielekeo (kama kukwepa na kutafuta misisimko), sita za milango ya fahamu na mwili, tatu za tabia. Ukitafuta katika 13, kwa watoto wengi tu utapata moja iliyochomoza. Kinachohesabika ni alama kadhaa zinazoelekea upande mmoja, na ziambatane na maisha yanayokwama: havai, hali, hanyolewi, hasimami foleni.

Hapo mume wako ana nusu ya haki. Watoto wa kulinganishwa nao ni wa Marekani, na mifano ya kelele kwenye fomu za namna hii ni ya nyumba zenye mashine za kufyonza vumbi, si za kisiagi na matatu yenye spika nne. Nambari zisomwe kwa tahadhari. Nusu nyingine inamkwepa, kwa sababu mtoto kuingia mvunguni hakukutoka Marekani. Wewe hukukisoma kwenye fomu, ulikiona nyumbani.

Sasa fomu ya mwalimu. Unaogopa kwamba mmoja wenu amekosea. Yawezekana mko sahihi nyote. Mwalimu mwenye watoto 52 huona kinachovuruga somo, na mtoto anayekwepa mara nyingi hukaa kimya kwenye kona yake, tena humpendeza mwalimu. Yawezekana pia kwamba darasani kuna utaratibu anaoujua, kila mtu yuko kwenye dawati lake, na hilo linamtosha. Wengine hujibana mchana kutwa, yakamwagika wakifika nyumbani. Tazama yalikotokea yale mawili makubwa: paredi na foleni. Ongeza kinyozi. Kote kuna watu waliobanana naye, mguso unaotoka nyuma bila onyo, kelele, na hakuna pa kutokea. Darasani ana dawati lake na mlango anauona. Hilo ni dokezo zuri kuliko bendi yoyote, na limetoka kwenye barua yako.

Kuhusu kujaza upya, njia ya kuteremsha majibu naiona ilivyo na uzito kwako, maana karo mmelipa na muhula haujaisha. Hatari yake ni kwamba ripoti ikitoka safi, lile tukio la paredi linabaki na maelezo moja tu: utundu. Siku akimng'ata mwingine, karatasi uliyoileta wewe ndiyo itakayosema hana lolote. Kuacha alama zilivyo nako kuna hatari yake, kwa sababu matibabu yatapangwa juu ya namba ambazo wewe mwenyewe huziamini.

Ukiamua kujaza tena, mwambie mtaalamu ulichoniambia mimi, kwa maneno hayo hayo. Hatashangaa. Jibu wewe yale unayoyaona Jumamosi na Jumapili, na usilolijua uache wazi ukiandika pembeni "sipo saa hizo". Dada aulizwe na mtaalamu mwenyewe kwa Kiswahili, polepole, kwa mifano ya "mara ngapi kati ya mara nne". Swali likishatafsiriwa papo kwa papo, namba haiwezi tena kulinganishwa sawasawa na za Marekani, na ripoti inapaswa kusema hivyo waziwazi: nani alijaza, lugha gani, tarehe gani, toleo gani. Ripoti isiyo na hayo manne uirudishe. Baba yake naye apewe nakala yake, aijaze peke yake bila kuona yako. (Akina baba wanaoziita fomu hizi za wazungu hukaa nazo muda mrefu wakishazishika.)

EASI ni kitu cha namna nyingine kabisa. Mizizi yake ni kazi ya A. Jean Ayres, Mmarekani aliyeeleza jinsi ubongo unavyounganisha taarifa za ngozi, masikio, misuli na usawa wa mwili. Vipimo vyake vilivyotoka 1989, SIPT (Sensory Integration and Praxis Tests), vilikuwa 17, vya watoto wa miaka 4 hadi 8 na miezi 11, vikilinganishwa na watoto wa Marekani na Kanada. EASI ina vipimo 20, ni ya miaka 3 hadi 12, na tangu mwanzo ilikusudiwa kukusanya viwango vya ulinganisho kutoka nchi nyingi. Hapa mtoto ndiye anayepimwa. Mkono wake unafichwa nyuma ya kizuizi, mtaalamu anagusa kidole kimoja, mtoto anaonyesha ni kipi. Anaiga mikao ya mwili. Anasimama mguu mmoja, macho wazi kisha yamefumbwa. Hojaji inakuambia anavyoitikia. Vipimo hivi vinakuambia anachoweza, kwa mfano kama ngozi yake inatofautisha miguso vizuri au mwili wake unapanga mwendo kwa shida. Mtoto asiyejua vizuri kilichomgusa na kilichomgusa wapi ana sababu ya kuchukia foleni.

Je, inastahili nusu ya mshahara? Kabla ya kulipa, muulize mtaalamu: matokeo yakitoka hivi badala ya vile, utakachomfanyia mtoto kitabadilika vipi? Akikueleza bila kigugumizi, una sababu ya kuanza kuweka akiba. Akisema mpango utabaki ule ule, pesa hiyo inaweza kungoja. Uliza kama amefunzwa kutumia EASI yenyewe, na kama inawezekana kuanza na vile vipimo vya mguso na usawa tu, kwa vikao viwili vya asubuhi. Mtoto aliyechoka, aliyetoka kwenye matatu ya kelele, anayepewa maelekezo kwa lugha asiyoimudu, atapata alama za uchovu na lugha.

Kuna jambo la bei nafuu ambalo sijaona kama limefanyika. Masikio yake yamepimwa? Maji yakikaa nyuma ya ngoma ya sikio, mtoto husikia vibaya leo na vizuri kesho, akachanganyikiwa na kelele za ghafla. Kliniki ya masikio ya hospitali ya umma inaweza kuliangalia hilo, na macho pia. Daktari aambiwe na lile la kuanguka bila kulia, na usingizi wake ukoje. Fomu ya hisi haiulizi mtoto analala saa ngapi.

Usonji. Najua hilo ndilo linalokunyima usingizi. Si hojaji yako wala EASI inayoweza kuuthibitisha au kuuondoa. Mwongozo wa uchunguzi wa magonjwa ya akili wa Marekani, DSM-5 wa 2013, umeweka mwitikio usio wa kawaida kwa sauti, mguso na mengineyo kuwa dalili mojawapo ya usonji, lakini peke yake haitoshi. Kuna mawasiliano na watu, michezo, kushikilia utaratibu, mambo yaliyojirudia tangu utotoni. Haukuitambua shida ya hisi kama ugonjwa unaojitegemea. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani nacho kilishauri 2012 kwamba jina hilo lisitumike kama utambuzi kamili, na kwamba wazazi waambiwe utafiti juu ya tiba za hisi bado ni mchache. Maana yake kwako ni nini? Ukiona ana marafiki, anasimulia, anacheza michezo ya kuigiza, mpelekee daktari taarifa hizo pia, si zile za masikio na soksi tu. Na mtu akikupa jina la ugonjwa kwa kutazama bendi za fomu, muombe akueleze amefikaje hapo.

Kwa shule, sidhani unalazimika kuwapa alama. Walichoomba ni "ripoti ya hospitali", na ripoti inaweza kuwa barua ya nusu ukurasa kutoka kwa mtaalamu: akae karibu na mlango, asimame mwisho wa foleni ili asiguswe kutoka nyuma, aambiwe dakika tano kabla ya kengele ya paredi, asimame pembeni mbali na spika. Hayo hayana gharama. Hatari ni kwamba mwalimu mkuu anaweza kuichukulia juu juu, kwa hiyo baki na nakala yenye tarehe na mhuri wa kupokelewa. Akishikilia mtoto ahame, uamuzi wa mahali pa kusomea una mahali pake: vituo vya tathmini ya elimu vinavyoitwa EARC, vilivyopo tangu 1984 chini ya wizara ya elimu, na pia KISE, taasisi ya elimu maalum ya Kenya kule Kasarani, hutathmini watoto. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 inakataza kumbagua mtoto katika kuandikishwa kwa sababu ya ulemavu. Unaweza kulitaja hilo ofisini kwa upole, au ulihifadhi kwanza. Wewe ndiwe unayemjua mwalimu mkuu na hali ya hewa pale. Ila kwenda EARC nako kunaweza kufungua faili ambalo hukulitaka mapema hivi, na hilo lizungumzeni nyumbani kabla.

Shosho mwambie kwa heshima kwamba kulazimisha mrenda kwa kawaida huongeza kutapika. Ukitaka kujaribu, bakuli likae upande wa pili wa meza wiki moja, halafu karibu, halafu kijiko kiguse tu kidole chake. Na asipoula kamwe, sukuma wiki ipo.

Ninalolipenda zaidi ni daftari la shilingi hamsini. Wiki mbili, kila tukio: saa, mahali, kilichotokea dakika kumi kabla, alichofanya, kilichukua muda gani, na kilichomtuliza. Dada atume sauti kwa WhatsApp kama kuandika kunamchosha, wewe uandike usiku. Baada ya hapo badilisheni kitu kimoja tu, kwa mfano abebe kopo la maji la lita tatu kutoka mferejini au akande unga wa chapati kabla ya saa za kisiagi, mwendelee wiki nne huku mkihesabu. Mkibadilisha vitano kwa pamoja hamtajua kilichosaidia. Fulana za uzito na brashi za kusugua ngozi mtakazouziwa zingoje. Ushahidi wake ni hafifu.

Na Jumamosi, kabla ya kumshika tena watu wawili, omba kinyozi akupe dakika kumi wakati hakuna foleni. Mashine iliyozimwa iguse mkono wake. Kisha iwashwe, lakini ikae mbali kama hatua tatu, asikie mlio tu. Kisha imguse mkononi ikiwa imewashwa, asikie mtetemo. Kisha kile kitambaa cha shingoni peke yake, bila mashine. Mpe nafasi ya kusema basi, na akisema basi, iwe basi. Andika ni ipi kati ya hizo nne iliyomtoa kwenye kiti, uipeleke kliniki hata kama fomu bado hujaigusa.